Kipande cha Ndege: mchezo wa jamaa unaofundisha macho

Juma hili ukurasa wetu wa jamaa na masomo unaleta mchezo. Hauombi pesa wala umeme, na mtoto wa miaka sita anaweza kuucheza pamoja na koko wake bila mmoja kumchosha mwenzake. Tunauita Kipande cha Ndege. Mtu mmoja anaonyesha kipande kidogo cha picha ya ndege, mkia tu au gurudumu tu, na wengine wanatafuta ni ndege gani.

Mama mmoja anaweza kuuliza: kwa nini ndege, na si mbuzi au maua? Jibu liko juu ya vichwa vyetu. Kuna miji mingi ambako mtoto anakua bila kuona ndege karibu. Sisi tunaishi na kiwanja cha ndege mlangoni petu. Barabara za Ituri ni ndefu na mara nyingi hazina usalama, kwa hiyo wagonjwa, dawa, wageni na bidhaa vinapita hewani. Watoto wetu wameshaanza mchezo huu wenyewe. Mmoja anasikia sauti akiwa bado ndani ya nyumba na kusema, "Elikopta!" Mwingine anabisha, "Hapana, ni ndege ya mizigo," halafu wote wanatoka mbio kuona nani amepata. Kazi yetu sisi wamama na walimu ni kuchukua kile wanachokipenda tayari na kukifanya kiwe somo.

Somo lenyewe ni moja: sema kwanza ulichoona, jina baadaye. Tunaomba mlishike neno hilo, kwa sababu linahusu mambo mazito kuliko ndege, na tutayafikia.

Namna ya kucheza

Tafuteni picha tano au sita za ndege. Zinapatikana katika magazeti ya zamani, kalenda na vitabu vya masomo. Kama hakuna picha, kijana anayejua kuchora achore. Chukueni karatasi ngumu, kama ile ya boksi la sabuni, mkate tundu moja katikati, kubwa kama kifuniko cha chupa. Mwenye zamu anaweka karatasi hiyo juu ya picha ili wengine waone kipande kidogo tu kupitia tundu.

Sheria ni nne.

Ya kwanza: kila mchezaji kwa zamu anasema jambo moja analoliona, bila kutaja jina. "Naona dirisha la mviringo." "Naona gurudumu nene." Kila jambo la kweli linapata pointi moja.

Ya pili: wote wakishasema, anayetaka anataja jina la ndege, lakini lazima atoe sababu. Jina la kweli lenye sababu linapata pointi tatu. Jina la kweli lisilo na sababu linapata moja tu, kwa maana huenda ni bahati.

Ya tatu: anayesema "Sijui bado, nionyeshe zaidi" hapotezi kitu. Anayekimbilia jina lisilo la kweli anapoteza pointi mbili.

Ya nne: tundu linasogezwa mahali pengine pa picha, na mchezo unaendelea mpaka jina lipatikane au picha ifunuliwe yote.

Wamama, msiiache sheria ya tatu. Darasani tunajua watoto wawili watatu wenye sauti kubwa ambao wanajibu kabla ya swali kwisha. Nyuma yao wamekaa wengine kumi wanaoona vizuri lakini wanaogopa kukosea. Mchezo huu unawapa hao kumi nafasi. Mtoto anayesema polepole "Naona panga tano" amesaidia kikundi chote, na amepata pointi yake kwa haki.

Mambo manne ya kutazama

Watu waliofanya kazi hii kwa bidii kubwa ni wale wa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Uingereza ilikuwa na kikundi cha watazamaji wa anga walioitwa Observer Corps, na mwaka 1941 kikapewa jina la Royal Observer Corps. Wengi wao walikuwa raia wa kawaida, watu wenye kazi zao nyingine. Kazi yao ilikuwa kutazama juu na kusikiliza, kisha kutoa habari: ndege inapita, ni ya aina gani, inaelekea wapi. Mwaka ule ule wa 1941 wanawake pia walianza kupokelewa katika kazi hiyo. Mtazamaji mara nyingi hakupata kuona ndege nzima. Aliona bawa moja likitoka katika wingu, au mkia ukipotea nyuma ya kilima. Akikosea, watu wake wenyewe wangeweza kupigwa risasi na jeshi lao, au adui angepita bila kuzuiwa.

Marekani nayo iliomba msaada wa wanafunzi. Mwanzoni mwa 1942 jeshi la majini la nchi hiyo liliomba watoto wa masomo watengeneze ndege ndogo za mbao 500,000, za aina 50, ili askari na raia wajifunze kuzitambua. Kila moja ilikuwa ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe, na zilipakwa rangi nyeusi. Kwa nini nyeusi? Kwa sababu ndege iliyo juu sana inaonekana kama kivuli. Rangi haisaidii tena, umbo tu ndilo linabaki.

Watu hao walijifunza kutazama mambo manne kwa utaratibu: mabawa, mota, mwili na mkia. Baada ya vita wengi waliendelea kwa kupenda tu, na hata leo duniani kuna marafiki wanaokaa pamoja na kuulizana: huu ni mkia wa ndege gani? Wanapenda zaidi zile ndege ambazo hazijulikani sana, zilizotengenezwa chache au zilizosahauliwa. Sisi pia tutumie mambo hayo manne.

Mabawa: yako juu ya mwili, au chini yake? Ni jozi moja, au mbili?
Mota: ni ngapi, na ziko wapi? Kuna panga zinazozunguka mbele, zile ambazo mafundi huziita elisi? Zina panga ngapi?
Mwili: ni mwembamba au mnene? Madirisha ni ya mviringo au ya pembe nne? Magurudumu yanakunjwa au yananing'inia siku zote?
Mkia: umesimama mmoja, au miwili? Lile bawa dogo la nyuma liko chini, au juu kabisa ya mkia?

Ndege zinazotufundisha hapa kwetu

Tuanze na ndogo. Cessna Caravan ni ndege ya Kimarekani yenye mota moja puani, bawa juu ya mwili, na magurudumu yasiyokunjwa. Mara nyingi chini ya tumbo lake kuna kisanduku kirefu cha mizigo, kama mama aliyefunga kitenge cha mzigo mbele. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1982. Mashirika ya misaada na ya misioni yanaipenda kwa sababu inaweza kutua kwenye kiwanja kifupi cha udongo.

Ya pili ni Let L-410, inayotengenezwa mji wa Kunovice katika nchi ya Ucheki. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1969. Ina mota mbili na bawa la juu, na inabeba watu wasiozidi 19. Itazameni pembeni mwa tumbo: kuna vimbe mbili, moja kila upande. Humo ndimo magurudumu yanaingia, kwa sababu bawa liko juu sana kuyaficha. Mara nyingi ina vitungi vya mafuta kwenye ncha za mabawa. Mtoto akiona kitungi hicho kupitia tundu la karatasi, ameshapata nusu ya jibu.

Halafu jamaa ya Antonov, ndege zilizobuniwa Kyiv, mji wa Ukraine, wakati ule nchi hiyo ilipokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Congo yetu imezijua kwa miaka mingi kwa kazi ya mizigo. Antonov 26 ina mota mbili, na nyuma kuna mlango mkubwa unaoshuka kama daraja, magunia yanaingia hapo. Antonov 32 ni mdogo wake, iliruka 1976. Ukiziweka pamoja unadhani ni mapacha, lakini tazama mota: za Antonov 32 zimepandishwa juu ya bawa, kubwa na nene. Zimewekwa hivyo kwa sababu mota hizo zina nguvu zaidi na elisi zake ni ndefu. Zingekaa chini zingekaribia mwili na udongo.

Hapo kuna swali zuri kwa watoto: kwa nini ndege nyingi za huku zina bawa juu ya mwili? Waacheni watafute. Jibu ni viwanja vyetu. Mota ikining'inia kwenye bawa la chini, iko karibu na vumbi na mawe. Bawa likiwa juu, mota na elisi viko mbali na changarawe, na tumbo linabaki karibu na ardhi, hivyo watu wanapakia mizigo bila ngazi ndefu. Mtoto akielewa hilo, anajua kwamba umbo la kitu lina sababu. Ni somo lile lile tunalofundisha juu ya mdomo wa bata na mdomo wa kuku.

Kubwa zaidi ni C-130, ndege ya kijeshi ya Kimarekani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1954. Ina mota nne, bawa la juu, tumbo nene na mkia mrefu uliosimama. Za zamani zina elisi zenye panga nne kila moja. Zile mpya za aina ya J zina panga sita zilizopinda kidogo.

Mwisho elikopta. Ile tunayoizoea zaidi, nyeupe yenye herufi UN, mara nyingi ni jamaa ya Mi-8, ya Kirusi, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1961. Juu ina panga tano, na madirisha yake ni ya mviringo. Hapa kuna siri ya wajuzi. Tazama ile elisi ndogo ya mkiani. Ukisimama nyuma ya elikopta ukitazama mbele, kama elisi hiyo iko upande wa kuume, ni Mi-8 ya zamani. Ikiwa upande wa kushoto, ni ile yenye mota za nguvu zaidi ambayo huitwa Mi-17. Jambo dogo kama hilo linamfurahisha mtoto sana, kwa sababu wakubwa wengi hawalijui.

Ndege iliyokuwa na tumbo la mtumbwi

Tukitafuta ndege isiyojulikana ya kuwashinda hata wazee, tuna moja iliyoanguka karibu na kwetu. Mwezi wa tatu mwaka 1939, ndege ya shirika la Kiingereza Imperial Airways iliyoitwa Corsair ilikuwa inatoka upande wa Uganda kuelekea Juba. Ilipoteza njia, mafuta yakawa yanakwisha, na rubani akalazimika kuishusha mtoni karibu na Faradje, katika Haut-Uele ya leo.

Ndiyo, mtoni. Corsair haikuwa na magurudumu ya kutua kwenye kiwanja. Ilikuwa ndege ya maji: chini ilikuwa na umbo la mtumbwi mkubwa, juu bawa moja refu lenye mota nne, na chini ya kila bawa kaboya la kuizuia isipinduke. Ndege za aina hiyo zilitua katika ziwa Victoria, katika Nile, na katika bahari. Ila mto ule haukuwa na nafasi ya kutosha. Ndege iligonga mwamba na tumbo lake likapasuka.

Wasafiri waliokoka. Kazi ngumu ikabaki kuitoa ndege yenyewe. Mafundi walikuja kuitengeneza, na watu wa mahali pale walifanya kazi kubwa ya mikono. Jaribio la kwanza la kuirusha, mwezi wa saba, halikufaulu, ikagonga mwamba tena. Ndipo mto ukazibwa kwa boma ili maji yapande na kuwa kama ziwa dogo. Mwezi wa kwanza mwaka 1940, karibu miezi kumi baada ya kuanguka, Corsair ikaruka na kwenda zake.

Ukionyesha kipande cha chini cha ndege hiyo kupitia tundu, kila mtu atasema, "Mtumbwi!" Na hawatakuwa wamekosea walichoona. Wanaona kweli umbo la mtumbwi. Wangekosea tu kama wangesema: kwa hiyo si ndege. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tunayotaka mtoto aishike.

Hofu na uvumi

Sasa tuje kwenye jambo zito.

Katika mji huu sauti ya ndege haikuwa mchezo siku zote. Mwezi wa tano mwaka 2003, wakati wa mapigano makali ya Bunia, watu wengi walikimbilia karibu na kiwanja cha ndege na kambi ya MONUC. Mwezi wa sita askari wa Ulaya wa kazi iliyoitwa Artemis waliingia, wakiongozwa na Ufaransa, na ndege zao za mizigo zilikuwa zinatoka Entebbe. Wamama waliokuwa wasichana wakati ule wanakumbuka. Kwa wengine sauti ile ilikuwa ya msaada, kwa wengine ilikuwa ishara kwamba mambo yameharibika. Na katika kambi za wakimbizi wa ndani za Ituri kuna watoto wa leo ambao elikopta ikipita wanaingia chini ya kitanda.

Hatusemi kwamba mchezo utaponya kidonda hicho. Mtoto anayeogopa asilazimishwe kucheza. Lakini tunajua kitu kimoja kutoka darasani: kitu kisicho na jina kinatisha zaidi. Mtoto akiweza kusema "hii ina mota moja, ina kisanduku tumboni, ni Caravan, inabeba watu kama kumi", amepata mahali pa kushika. Kelele iliyokuwa juu yake imekuwa kitu anachokijua.

Pamoja na hofu kuna uvumi, na hapo sisi wakubwa ndio wanafunzi. Ni mara ngapi picha imefika katika telefoni ya mama, nusu ya picha, imekatwa pembeni, na chini yake maneno: ndege hii imeleta silaha kwa watu fulani! Kabla ya jioni imepita katika vikundi kumi. Mtu amesema jina la kabila. Duka limefungwa, mtoto hakutumwa masomoni. Wakati wa Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, tuliona vilevile jinsi maneno yasiyo na msingi yalivyowazuia watu kwenda hospitali mapema. Ituri yetu imelipa bei kubwa kwa maneno yaliyokimbia mbele ya macho.

Tuchukue basi sheria za mchezo wetu na kuzipeleka kwenye telefoni. Picha ikija, tuulize kwanza: ninaona nini? Labda ninaona mkia mweupe na masanduku matatu. Basi. Silaha sizioni, naona masanduku. Kabila silioni, naona watu wanaobeba. Halafu tuulize: picha imekatwa wapi, na nini kimebaki nje? Ilipigwa siku gani, na mahali gani? Ndege moja inaweza kuwa imepigwa picha miaka kumi iliyopita katika nchi nyingine. Kama hatuna majibu, tuna neno letu lisilopoteza pointi: sijui bado. Na anayesema "sijui bado" haitumi picha hiyo kwa mwingine.

Mtoto aliyezoea kusikia mama yake akisema hivyo mezani, na bado akapewa heshima, hatakuwa kijana wa kukimbia na jiwe mkononi kwa sababu ya nusu ya picha. Hilo tunaliamini, na ndiyo sababu tumeupa mchezo huu ukurasa mzima.

Wasichana nao wakae mbele

Tumesikia wengine wakisema ndege ni mambo ya wavulana. Wamama, tusilikubali neno hilo. Bessie Coleman, msichana mweusi wa Marekani, alikataliwa na masomo ya urubani ya nchi yake. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, na mwezi wa sita 1921 akapata cheti chake cha urubani huko Ufaransa. Wakati wa vita tuliyoitaja, wanawake zaidi ya 160 walirusha ndege huko Uingereza katika shirika la Air Transport Auxiliary, wakizitoa viwandani na kuzipeleka kwenye kambi za jeshi. Mara nyingi rubani alipewa aina ya ndege ambayo hakuwahi kuirusha, akiwa na kitabu kidogo cha maelezo mafupi mkononi. Alilazimika kutazama vizuri na kufikiri kwa utulivu.

Katika mchezo, basi, msichana apewe zamu ya kushika karatasi yenye tundu, naye awe mwenye kuhesabu pointi. Asiwe yule anayetumwa kuleta maji wakati wengine wanacheza.

Mambo ya kuangalia

Msipige picha kwenye kiwanja cha ndege, wala picha ya ndege ya jeshi au ya askari. Hapa nchini jambo hilo linaweza kumletea mtu matatizo makubwa, hata mtoto mwenye telefoni ya baba yake. Picha za magazeti na za kuchora zinatosha kabisa.

Elikopta ikitua kiwanjani, watoto wasiikimbilie. Ile elisi ndogo ya mkiani inazunguka kwa kasi hata macho hayaioni, na inaua. Upepo wake pia unarusha mawe na mabati.

Mtoto akiona kipande cha chuma asichokijua porini au shambani, huo si mchezo wetu. Asikiguse. Aje kumwambia mkubwa.

Mafumbo ya juma hili

Someni kila fumbo kwa sauti, jamaa yote isikie. Kila mtu aseme anachokijua kabla ya kutaja jina. Majibu yako chini, yafunikeni kwa mkono.

Fumbo la 1. Tundu linaonyesha sehemu ya juu ya elikopta. Tunahesabu panga: moja, mbili, tatu, mpaka nane.

Fumbo la 2. Tunaona ndege ya upande, kipande kidogo tu. Kuna bawa juu, na jingine chini yake, yameunganishwa kwa nguzo na nyaya. Puani mota moja, pana na ya mviringo.

Fumbo la 3. Tunaona mkia wa ndege ndogo yenye mota mbili. Bawa dogo la nyuma limelala, na kila mwisho wake kuna mkia uliosimama. Yaani mikia miwili.

Fumbo la 4. Tunaona ubavu mweupe tu, na herufi mbili nyeusi: UN.

Majibu

La 1 ni Mi-26, elikopta kubwa kuliko zote zinazotengenezwa duniani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1977. Mi-8 ina panga tano, hii nane.

La 2 ni Antonov 2. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1947, na zaidi ya 18,000 zilitengenezwa. Mabawa yake mawili mawili yanaisaidia kuruka polepole sana na kutua mahali pafupi.

La 3 ni Antonov 28. Anayesema L-410 amefikiri vizuri, kwa kuwa zinafanana kwa mota na bawa la juu, lakini L-410 ina mkia mmoja uliosimama. Mpeni pointi kwa sababu aliyotoa.

La 4: anayesema "sijui bado" ndiye mshindi. Herufi UN zinatuambia ndege inafanya kazi ya nani, hazituambii ni ndege gani. Caravan inaweza kuwa nazo, Antonov inaweza kuwa nazo, elikopta pia.

Vikundi vya wamama vitakavyocheza kwenye mkutano wa juma hili, tunaomba kila kimoja kitutengenezee fumbo moja la kuchora na kulileta kwa mwandishi wa kikundi. Mafumbo mazuri tutayatia katika ukurasa huu. Na msisahau kuandika nyuma ya karatasi sababu ya jibu lenu, maana jina bila sababu mnajua linapata pointi ngapi.